Kiti Kitupu cha Kwenda Fes

— Thelathini na tano! Si ishirini, si kumi na tano, wala si "tutaongea kesho". Dirham thelathini na tano, Upepo, uziweke hapa juu ya benchi watu wazione.

— Kwa lipi?

— Kwa kiti ulichokiuza mara mbili.

— Kengele, we vipi? Gari la nani lile? La baba yako?

Hapo hata kahawa ya kwanza haijapoa. Benchi letu liko mlangoni pa kibanda cha kahawa cha Allal, kwenye kituo cha teksi za masafa marefu hapa Azrou, mgongo ukutani, macho kwenye magari. Mimi ni Moha, mpiga debe. Kengele ni jina walilonipa wao kwa ajili ya sauti. Naita "Fes! Fes! Kimoja tu, kimoja!" hadi Mercedes ijae, wawili mbele na dereva, wanne nyuma magoti mdomoni, kisha inaondoka. Asiyetaka kubanwa hununua viti viwili: kimoja anakalia, cha pili kinabaki kitupu. Hasa wanawake wanaosafiri peke yao, hununua viwili vya mbele na kumaliza maneno. Jana asubuhi mama mmoja mgeni, Bi Wardani, mwalimu kutoka Indonesia, alinilipa viti viwili vya mbele vya gari la Bouazza, huyu tunayemwita Upepo. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Mama, hiki cha pili hakikaliwi na mtu hadi Fes." Jioni Upepo karudi anacheka peke yake. Kufika njia panda ya Ifrane kampakia bibi mmoja, Lalla Itto, kamsukumia kwenye kile kiti kitupu, kamtoza ishirini. Kashuka hapa anajisifu kama kafunga bao. Mimi shule sikwenda, kusoma nimejifundisha kwa vibao vya barabarani, lakini hiki chako, hiki changu, hakihitaji shule. Leo gari lake ndilo la kwanza kwenye foleni. Abiria watatu wameshakaa. Nami nimefunga mdomo. Siiti mtu.

— Haya niambie, akasema Upepo, ungekuwa wewe ungemwacha? Bibi wa watu, jua utosini, kapu la matufaha kichwani, ananipungia mkono. Nipite tu kama sina mama?

— Usimwache. Nani kakwambia umwache?

— Ahaa! Si unaona?

— Mchukue. Ila kama umemchukua kwa thawabu, ile ishirini ya nini? Na kama ni nauli, basi umeuza kiti cha mwenzio. Chagua. Thawabu au nauli?

— Vyote viwili. Mungu mkubwa.

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee Haddou akajikohoza. Huyu alikuwa bawabu wa mahakama miaka mingi. Kafungua mlango kwa kesi nyingi mpaka anadhani alizikata yeye. Tunamwita Hakimu, naye haoni kama ni utani.

— Tulieni. Jambo hili lina sheria yake. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Katika kile kiti cha pili alikuwepo nani?

— Hakuna mtu, nikasema. Ndiyo maana yake. Kililipiwa kiwe bila mtu.

— Basi! Hakuwepo mtu. Na asiyekuwepo...

— Hakimu, acha zako. Mwenye kiti alikuwepo, kakaa kile cha pembeni yake.

— Alikuwepo kwenye kimoja. Hawezi kuwepo kwenye viwili. Na sheria inasema ardhi iliyokufa, isiyolimwa, huwa ya yule aliyekuja akailima. Kiti kile kilikuwa ardhi mfu. Lalla Itto kaja, kakilima.

— Kakilima na nini?

— Na makalio yake, Mungu amhifadhi. Kwa hiyo kiti ni mali ya Lalla Itto tangu njia panda ya Ifrane. Na tukifuata haki mpaka mwisho, Upepo ndiye anayemdai... hapana, ngoja. Upepo ndiye anayedaiwa na Lalla Itto, kwa kumtoza nauli ndani ya shamba lake.

— Ebo! Upepo akaruka. Sasa nadaiwa na wawili?

— Haki ikianza kutembea haijui pa kusimama.

Kutoka kwenye gari sauti ikaita:

— Kengele! Tunaondoka au tunahamia humu?

— Muulizeni dereva wenu! nikajibu.

Pale kwenye ncha ya benchi kulikuwa na Aqqa, anayeuza mbegu za alizeti. Zamani alikaa Ufaransa majira mawili ya kuchuma zabibu, akauona mji wa Lyon, na tangu hapo kila jambo duniani yeye analipima kwa Lyon. Jina lake tulimpa bila kufikiri sana.

— Nyinyi mnagombana kwa sababu hamjawahi kuwa wageni, akasema Lyon. Mimi nimewahi. Mgeni akiingia mji wa watu lazima kitu kimtoke. Ni kiingilio. Mimi kule nilipanda gari moshi la kwenda kaskazini, mie naenda kusini. Siku nzima nawakodolea macho ng'ombe dirishani, nasema moyoni, mbona mji hauji? Nani alinirudishia nauli?

— Ulipanda gari siyo lako, nikamwambia. Yule mama alipanda gari lake, kwenye kiti chake, akalipa. Kosa lake nini?

— Kosa lake ugeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji pale nani? Lalla Itto. Kapona? Kapona, kafika Fes na matufaha yake. Methali imetimia, tunywe kahawa.

— Halafu, Upepo akadakia, huko Fes kwenyewe vile viteksi vidogo vyekundu unapanda wewe, mbele kidogo anapanda mwingine, mbele tena mwingine, kila mtu analipa lake na hakuna anayepiga kelele. Huko ndiko alikokuwa anakwenda huyo mama. Mimi nimemzoesha tu mapema. Alitakiwa anishukuru.

— Kiteksi chekundu kinakuuzia safari, nikasema. Ukishafika, umefika. Sisi hapa tunauza viti, Upepo. Viti! Mimi nasimama hapa tangu alfajiri nauza viti vyako kama anavyouza mikate mwokaji. Sasa mtu kanunua mikate miwili, kala mmoja. Wewe unaingia mfukoni mwake unachukua wa pili, unamuuzia jirani, unasema "hakuwa na njaa"?

Allal akapitisha birika, akamimina nusu nusu.

— Mbona nusu? akauliza Hakimu.

— Inaelekea ukingoni. Mnabishana sana, mnakunywa kuliko mnavyolipa.

Upepo akapuliza kikombe chake. Nilimwona anatafuta neno. Mtu mwenye haki hatafuti neno namna ile.

— Sikilizeni niwape siri ya udereva, akasema. Nyie hamuendeshi, hamjui. Gari likiwa na kiti kitupu mbele, linalemea. Ukishuka zile kona za Immouzer linakuvuta upande. Watu wamekufa! Mimi nilipoona vile nikasema, Bouazza, una roho za watu mkononi. Sawazisha gari. Nikamweka Lalla Itto.

— Kama jiwe la mizani, akasema Hakimu akitikisa kichwa kwa heshima.

— Kama jiwe la mizani!

— Toka lini jiwe la mizani likalipa nauli? nikauliza.

— Jiwe lililofika Fes linalipa.

— Na kutoka hapa mpaka Ifrane, kabla hujampata, gari lilikuwa limelemea?

— Nilikuwa nimejiegemeza upande wa pili.

Lyon akacheka mpaka mbegu zikamwagika. Alipopata pumzi akainua kidole.

— Lakini jamani, kweli tupu, mtu anaweza kununua utupu? Kule Lyon niliona watu wananunua maji, wananunua barafu, mmoja alikuwa ananunua majani ya kulisha sungura. Lakini utupu sikuuona dukani. Ingawa... ngoja. Wapo wanaonunua kaburi wakiwa hai. Wanalilipia, linakaa, wanapita Jumapili kulitazama.

— Vizuri, nikasema. Na wachimbaji je? Wakiona mwenyewe bado mzima, wanamlaza mwingine humo kwanza?

— Aa, hapana! Ingekuwa kesi kubwa. Kaburi la mtu!

— Umesikia, Upepo?

— Kaburi halinywi dizeli, akasema Upepo.

— Kauli nzito, akasema Hakimu. Na mimi naongeza. Kama yule mama alinunua viti viwili, basi kisheria alikuwa watu wawili. Je, alimsalimia dereva mara mbili? Hakumsalimia. Basi mtu wa pili aliingia garini bila salamu, na dereva ana haki ya kumshusha.

— Mtu ambaye hayupo, kamshusha?

— Kamshusha njia panda ya Ifrane. Ndiyo maana Lalla Itto akapata nafasi.

Damu ikanipanda. Nikasimama.

— Nyinyi mnacheka. Mimi ndiye niliyesema neno. Si Upepo, si Hakimu. Mimi, mchana kweupe, nilimwambia yule mama hiki hakikaliwi. Akanitazama usoni akaniamini, akatoa sabini hapo hapo, hakupunguza hata moja. Wangapi hapa hawapunguzi? Kesho nikiita "Kimoja tu, kimoja!" nani atajua kama nasema kweli?

— Hapo hata sasa hawajui, akasema Lyon. Unaita "kimoja tu" gari likiwa tupu.

— Hiyo ni biashara! Kila mtu anaijua, hata watoto. Lakini mtu akishalipa, neno ni neno. Ahadi ni deni.

— Basi lilipe wewe, akasema Upepo kwa upole wa kuudhi. Ahadi yako, deni lako. Mimi nilimwahidi nani? Na zaidi ya hapo, nikuulize kitu kimoja. Mwanamke ananunua kiti cha pili kwa nini? Ili asikae na mwanamume. Haya, kuna mwanamume alikaa pale? Kakaa hajjati wa watu, mcha Mungu, njia nzima anamwombea dua. Kadhurika nini? Nionyeshe alipodhurika, nitoe hata mia.

Kwa hilo, nakiri, benchi zima lilimwinamia. Hata Allal, ambaye hatii neno, alisema "Mh." Upepo akaliona. Akasimama, akakung'uta suruali.

— Haya, Kengele, niitie watatu niende. Dizeli haijilipi.

— Siiti.

— Nitaita mwenyewe.

— Ita.

Akaita. Sauti yake ni ya dereva, inafia kwenye masharubu. Wapita njia hata hawakugeuka. Kwenye gari mlango ukafunguliwa, abiria mmoja akashuka, akatutazama sote, akaenda zake upande wa mabasi.

— Umeona! Upepo akanigeukia. Huyo ni thelathini na tano yangu imekwenda!

— Pole. Sasa unajua inavyouma.

Ndipo Bi Wardani akatokea kutoka upande wa msikiti. Hatukumtegemea. Tulijua jana alikwenda Fes, akalala huko au akarudi usiku na basi, nani ajue. Alikuja taratibu, kaishika fimbo mpya, mguu mmoja kaunyoosha kama ubao, kila hatua anauzungusha kwanza kando ndipo autue. Lyon akasogea, akafuta benchi kwa kofia yake. Tukasimama wote.

Kiarabu chake ni cha kitabuni, kila neno na irabu zake. Ukimsikia unahisi ni Ijumaa.

— Amani iwe juu yenu, ndugu zangu watukufu.

— Na juu yako, mama, karibu, keti.

— Nikiketi, kuinuka ni kazi. Mwanangu, akaniambia mimi, nataka kwenda Fes.

— Fes tena, mama? Si jana ulikwenda?

— Nilifika. Sikuingia. Goti hili halitaki kukunjwa; jana nilikaa nalo limekunjwa kutoka Ifrane mpaka mwisho. Niliposhuka langoni pa mji wa kale, goti lilikuwa limevimba hivi. Akaonyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika tikiti. Na mle ndani, wameniambia, hakuna gari, ni kupanda na kushuka kwa miguu. Basi nikakaa langoni. Niliwaangalia punda wakiingia na mizigo. Punda wa Fes ni wazuri.

Hakuna aliyecheka. Upepo alikuwa anatazama tairi la gari lake kama analiona kwa mara ya kwanza.

— Kwa nini hukusema, mama? akauliza, bila kuinua macho. Garini. Ungesema tu.

— Yule bibi alikuwa amechoka. Na tufaha alinipa. Ningemwambia nini, shuka? Mimi ni mgeni, nikadhani ndiyo desturi.

Akafungua mkoba, akatoa noti, akazishika mkononi bila kumpa mtu.

— Miaka thelathini nafundisha watoto habari za mji ule, ule msikiti wake mkongwe, zile nyumba za wanafunzi wa kale. Kesho kutwa naondoka. Leo nataka kuingia. Nahitaji mahali pa kukaa na mahali pa kuunyoosha mguu. Jana nililipia viti viwili nikapata kimoja. Sina ugomvi, nauliza tu, maana sijui taratibu zenu. Hapa kwenu, mtu akitaka kiti kimoja kibaki kitupu, anunue vingapi?

Alituangalia mmoja mmoja, kwa subira, kama mwalimu aliyezoea kungoja mikono inyooshwe.

Lyon akaanza, "Kule Ly...", akameza. Upepo aliinamisha kikombe chake, akakuta hamna kitu, akakipeleka kwa Allal. Allal akageuza birika juu chini. Halikudondosha hata tone.

— Imekwisha, akasema.

Nikageuka. Nikanyoosha mkono, kiganja juu.

— Upepo. Thelathini na tano.