Alama Zinazoogopa Kutazamwa

Benchi lipo mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, mtaa mmoja kutoka lango la chuo, katika mji mdogo wa Ohio usio na la kujivunia zaidi ya chuo hicho na mahindi. Hapo hukaa watu watatu wakingoja nguo zizunguke, wakinywa kahawa ya dola moja yenye ladha ya bomba. Wendell anaitwa Kadi Tisa, kwa sababu anazo kadi tisa za mkopo. Orrin anaitwa Friza, na sababu mtaisikia. Wa tatu ni Tamsin, kinara wa midahalo chuoni, waliyembatiza Pingamizi. Jumatano hiyo alifika amefura.

Mwenye nyumba wa Mtaa wa Elm alikuwa amemnyima chumba. Si kwamba anadaiwa. Hadaiwi hata senti, na hilo ndilo kosa lake: hajawahi kukopa, kwa hiyo hana alama za mkopo, zile namba anazopewa mtu kulingana na anavyolipa madeni yake, na asiye na alama hapangishwi. Alete alama au mdhamini kabla ya Ijumaa, la sivyo chumba kinakwenda kwa mwingine, na bweni lake linafungwa Desemba kwa matengenezo.

— Yaani nimekaa miaka ishirini bila deni, ndiyo naambiwa siaminiki, alisema. Wendell anadaiwa na nusu ya Marekani, yeye ndiye mwaminifu?

— Mimi najulikana, dada. Wewe nani anakujua?

Mdhamini angekuwa mama yake. Lakini Tamsin alikuwa na miaka tisa alipomwona mama akikatakata kadi zake kwa mkasi, pale mezani jikoni, kisha wakala maharage ya kopo miaka sita hadi deni likaisha. Mama alimwapisha asiguse kadi maishani. Sasa ampigie simu aanzie wapi?

Wendell akamtolea fomu ya kadi ya duka la viatu, ambayo ingekuwa kadi yake ya kumi, na masomo yakaanza. Kwanza, usilipe deni lote. Bakiza kidogo kila mwezi, kama unavyomwachia mhudumu wa mgahawa bahshishi, maana benki nayo ina moyo. Ukilipa lote inaona umeitupa. Tamsin akauliza, na riba je? Riba, alijibiwa, ni gharama ya mapenzi.

Orrin akapinga. Siri ni kutoitumia kadi kabisa. Yeye yake ameitia ndani ya kopo la aiskrimu, akajaza maji, akaigandisha, ili akishikwa na hamu ya gitaa angoje barafu iyeyuke. Anaamini benki inaihisi ile baridi na kumheshimu. Tatizo ni kwamba bili ya ada ya mwaka, dola thelathini, ilitakiwa ilipwe jana, na namba ya kadi imo barafuni.

— Si ungeitia kwenye mikrowevu, alisema Wendell.

— Niliitia. Ikatoa cheche, king'ora cha moto kikalia. Bweni zima tulisimama nje na mablanketi.

Wakabishana, ila jambo moja walikubaliana: alama zako usizitazame. Ni kama kulungu, ukizikazia macho zinakimbia. Wendell ana miaka mitatu hajazitazama, na barua za benki huzifunika kwa taulo. Orrin akaongeza kwamba binamu yake wa Dayton alizitazama mara mbili siku moja, na jioni gari lake likagoma kuwaka.

Tamsin, aliyewahi kuwaliza jukwaani watu wenye hoja za akili kuliko hizo, alijikuta ameshika kalamu. Ijumaa ni keshokutwa. Jina lake lilikuwa tayari kwenye fomu, imebaki saini.

Ndipo akatoka dukani Bibi Dvorak, mwoka mikate wa kantini ya chuo, aliyekuwa akingoja mazulia yake. Hajawahi kukaa benchi lile. Alikaa, akasikiliza kidogo, akamgeukia Wendell.

— Mwanangu, wewe alama zako ni ngapi?

— Sizitazami, bibi. Zitakimbia.

— Mimi zangu huzitazama kila mwezi, alisema Bibi Dvorak. Hazijakimbia.

— Na bili unabakiza kiasi gani? Tamsin aliuliza.

— Nibakize ya nini? Nanunua petroli kwa kadi, bili ikija nalipa yote, kwa siku yake.

Wendell alitoa simu polepole. Akabonyeza, akasoma kama mtu anayesoma majibu ya hospitali, kisha akaifunika pajani.

— Pingamizi, hicho chumba cha Elm, kina nafasi ya kochi la mimi kulalia?

Tamsin alilikata jina lake kwenye fomu kwa mstari mmoja mnene, akaenda kusimama kando ya ukuta na kupiga simu.

— Mama, kabla hujauliza, sijachukua kadi. Nimepata chumba, ila wanataka mtu wa kunidhamini.

Alimsikia mama akivuta kiti cha jikoni na kutafuta kalamu.

— Chumba chenyewe, mama akauliza, kina dirisha?