Pengwini Hataki Jua

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Asubuhi hiyo kompyuta ya mpwa wangu ililala katikati ya vikombe vya kahawa kama mgonjwa. Saa nne kamili alikuwa na usaili wa kazi kwa video, na blauzi ya pasi ameshavaa. Jana yake nilimfutia mfumo wa zamani, nikamwekea mfumo mpya, Linux, kwa mkono wangu huu, bila kusoma popote. Kila kitu kilikubali isipokuwa waifai.

— Mjomba, haioni mtandao hata mmoja.

— Tulia. Mimi nimefufua redio ya meli kwa kijiko.

Nikaperuzi majukwaa ya mafundi kwenye simu. Mabingwa wenzangu wanasema kadi ya waifai inataka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, na draiva inapakuliwa mtandaoni.

— Yaani dawa ya kukosa intaneti iko kwenye intaneti, — akasema Wembe, kinyozi. — Ndiyo maana ya mgeni njoo mwenyeji apone. Ila tatizo ni malezi. Kadi ililelewa na mfumo wa zamani, sasa inamnunia baba wa kambo.

— Acha porojo, — Soli akajibu, misumari mdomoni. — Alama ya Linux si pengwini? Ndege wa barafu huyo. Unamweka juani, unategemea aruke?

— Pengwini haruki, — akasema mpwa.

— Si kwa sababu ya joto?

Tukaipepea kompyuta kwa boksi la viatu.

— Mjomba, zimebaki dakika tano.

— Haraka haraka haina baraka.

Jukwaa la sita likasema mawimbi hupita juu. Nikamtwisha Wembe kompyuta kichwani.

— Inashika? — akauliza, shingo imekakamaa.

— Usipumue.

Hapo akafika mama mmoja kuchukua kiatu chake. Akamtazama Wembe, akaitazama blauzi. Mpwa akamweleza.

— Na hayo majukwaa unayasoma kwa intaneti ipi, kaka?

— Ya simu. Ina kasi hiyo, usiseme.

— Kwani usaili wa video haufanyiki kwa simu?

Soli akatema misumari. Mimi nilikuwa natafuta neno la kitaalamu, lakini mpwa alishaichomoa simu mkononi mwangu, akaingia kibandani na kufunga mlango. Tukamsikia:

— Ndiyo, nawasikia vizuri kabisa.

Soli akaanza kuokota misumari yake.

— Sasa mimi, — akasema Wembe polepole, — nakaa hivi mpaka lini?