Kamba ya Nguo ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wetu wa mitambo ya mawasiliano, tunayemwita Mzee Hewani, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyohiyo anakabidhi funguo za nyumba namba kumi na saba hapa kambini. Hilo limemnyima raha, na mimi msimamizi wa nyumba limeniinua kitini mara nne nikiandika haya.

Alianza kazi kwa kubebea wenzake ngazi. Alipokuwa fundi mkuu, hakuna mtambo uliolala ukiwa mbovu katika zamu yake. Kutulia tu ndiko hakukujua. Hata kikaoni kidole chake hugonga meza, ti-ti-taa, kama anayetuma ujumbe wa redio, mpaka mkuu wa kambi humwomba aukalie mkono.

Nyumbani ana redio ya ridhaa, yenye leseni, ya kuzungumza na watu wa mbali kwa mapenzi tu. Kanuni zetu zinakataza waya juu ya paa na ukutani. Majirani walilalamika kwamba televisheni zinakoroma kila saa kumi na nusu alasiri. Nikamwandikia barua tatu na kupanda darini mara mbili, nisione kitu. Mkewe, shemeji yetu, kila saa kumi alianua nguo za majirani wote na kuzikunja. Miaka miwili nilimsifu kwa wema huo. Siku aliyosafiri nikaenda kuanua mwenyewe, nikaona kamba imeunganishwa na waya unaoingia dirishani. Mashati yangu yalikuwa yakikaukia kwenye antena.

Nilimfuata Mzee nimefura. Akanieleza habari za mwalimu mstaafu, kipofu, anayeishi peke yake ng'ambo, ambaye huzungumza naye redioni kila siku saa kumi na nusu. Wamekubaliana kwamba mmoja akinyamaza siku tatu, basi amefariki.

"Ndugu yangu, ukiikata, yule atanililia nami ni mzima."

Nikarudi ofisini nikaandika: kamba ya nguo, iachwe.

Sasa anahamia nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za antena. Mzee ameizunguka nyumba ile mara sita, hali wala halali. Juzi nilikwenda mwenyewe kuuliza kama wapangaji wanaruhusiwa kuanika nguo. Mwenye nyumba alinishangaa, akauliza wataanika wapi kama si uani.

Kwa hiyo zawadi ya idara ni waya wa mita ishirini na vibanio mia vya plastiki. Mzee Hewani, shemeji, asanteni kwa kazi na kwa mashati. Mkaishi kwa raha na afya. Na tarehe moja, saa kumi na nusu, Mzee, usichelewe. Kuna mtu anakusubiri.