Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Eunice, na Jumatatu Moja Isiyokuwa Yake

Wapendwa wakazi wa kata ya Crow Gap,

Salamu katika jina la Bwana. Hamjambo huko mliko? Natumaini mafua yaliyozunguka barabara ya Deep Creek yamekwisha waachia, na wale walioteleza kwenye barafu ya juzi mifupa yao ni mizima. Sisi ofisini afya tunayo, ila kutulia hatujatulia.

Ifikapo tarehe 31 Desemba 2024, Bi Eunice Haldeman, ofisa wetu wa matumizi ya ardhi, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minane ya utumishi, na siku hiyo atakabidhi funguo. Mimi katibu nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida hili. Nimeuandika mara tatu na kuuchana mara mbili. Iko nyumba moja katika kata yetu ambayo haimsalimii mama huyu, huu mwaka wa kumi na mbili, na anayestahili kunyimwa salamu hizo ni mimi. Sitaki astaafu akiwa amebeba mzigo wangu. Nitafika huko. Kwanza tumpe mtu haki yake.

Bi Eunice aliajiriwa Aprili 1993, akitokea kwenye kinu cha chakula cha mifugo alikokuwa akipima magunia. Meza yake ya kwanza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, ndani ya gereji ya greda. Hakulalamika. Alisema mlango una faida, mtu akija na maneno mengi unamkumbusha njia ya kutokea.

Kazi yake wengi mnaijua kwa lile gurudumu lake la kupimia, analolisukuma mbele yake kama mtu anayetembeza mbwa. Amepima mabanda, visima, uzio na mazizi ya nguruwe. Mwaka 1998 dada yake wa tumbo moja alijenga baraza iliyoizidi mipaka kwa futi mbili. Bi Eunice akapima, akapima tena, akamnyima kibali. Novemba ikaja na Sikukuu ya Shukrani, familia nzima ikaalikwa kwa dada huyo, baraza ikiwa imekwisha vunjwa. Wageni walipanda mlangoni kwa ngazi ya kuchumia matufaha. Bi Eunice alipanda wa kwanza, bakuli la viazi mkononi, na dada yake akamwambia kutoka juu, “Karibu, serikali. Angalia usianguke, sina kibali cha ngazi.” Hadi leo wanapendana.

Jambo lililomletea kazi nyingi kuliko mengine ni biashara za nyumbani. Kwetu hapa, mtu akitaka kusuka nywele jikoni kwake, kunoa misumeno au kutengeneza bunduki, lazima apite mezani kwa Bi Eunice. Wa bunduki ndio wenye safari ndefu. Serikali kuu haiwapi leseni mpaka kata iseme kwa barua kwamba biashara hiyo haivunji sheria za eneo lao, na kata haisemi mpaka bodi ikae na majirani wasikilizwe. Mafundi bunduki kumi na tisa wamepita mikononi mwake. Wote aliwaambia neno moja, kwamba jirani asiyesikilizwa leo atakuwa adui wa kesho, na adui wa mlango wa pili hana likizo.

Wa kumi na moja alikuwa Royce Umholtz.

Royce alifanya kazi kiwanda cha viatu tangu ujana, na kilipofungwa mwaka 2012 alikuwa na miaka hamsini na minne. Mikono yake ilijua kitu kimoja kingine tu, bunduki. Nusu ya wanaume wa kata hii walikuwa wanampelekea zao, naye alizitengeneza mezani jikoni bila malipo, maana bila leseni hakuruhusiwa kutoza. Akaomba kibali cha kufungua karakana kwenye gereji ya nyumba yake. Tatizo lilikuwa jirani. Ukuta kwa ukuta na gereji hiyo, Carla Deibler alikuwa analea watoto wadogo sita nyumbani kwake mchana. Carla hakuwa na ugomvi na Royce. Alitaka tu aulizwe.

Bi Eunice alipanga kikao kiwe Jumatatu tarehe 19 Novemba, akaniachia mimi nipeleke tangazo gazetini. Sheria inataka litoke wiki mbili mfululizo. Nilikuwa na miezi minane kazini. Alhamisi ile ya mwisho ya kupeleka, wanawake wa kanisa tulikuwa tunafunga matufaha ya kuoka kwenye unga uliokandwa kwa ajili ya mnada wetu, mikono imejaa mdalasini, na gazeti nikalisahau kabisa. Kesho yake nikaona nisimsumbue mama wa watu. Nikafungua kalenda, nikaona Jumatatu inayofuata ni nyeupe, haina kitu, nikasogeza kikao hadi tarehe 26, nikapeleka tangazo gazetini na kubandika kibao njiani kwa tarehe hiyo. Bi Eunice alikuwa hospitalini na mumewe wiki ile. Aliporudi nilimwambia tarehe imesogea, akaitikia kwa kichwa bila kutazama.

Ilikuwa nyeupe kwa sababu hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuiandika. Ni Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Shule hufungwa. Kinyozi hufunga. Wanaume, na wanawake wasio wachache, wako kwenye vibanda vyao vya msituni huko kaskazini tangu Jumamosi. Nyumba yetu haiwindi, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, lakini hiyo si sababu. Nimezaliwa hapa.

Basi kikao kikakaa. Wajumbe watatu wa bodi walifika wamenuna, mmoja bado amevaa fulana ya kuwindia ya rangi ya chungwa. Royce alikaa peke yake, kofia magotini. Hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Kibali kilipita kwa dakika kumi na moja, na Royce akatushika mikono sote, hata mimi.

Asubuhi yake Carla aliingia ofisini na mtoto kiunoni na mwingine kashika koti. Mumewe alikuwa msituni na gari, na wazazi wa watoto wale sita wengi wao walikuwa huko huko, kwa hiyo watoto walilala kwake. Hakupiga kelele. Alisema, “Bi Eunice, si mngekiweka siku ya Krismasi tu? Ingekuwa adabu zaidi.”

Bi Eunice alimpa kiti, akachukua jalada, akasoma tarehe. Nilimwona anaisoma mara ya pili. Barua ya Royce kwenda serikali kuu ilikuwa mbele yake, imekwisha pigwa chapa, inangoja saini.

Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Lamar Shaffer, alikuja na kumwambia aisaini. Tangazo limetoka mara mbili, kibao kimebandikwa, sheria imetimia. Nami nilisema vivyo hivyo. Bi Eunice alikaa na barua ile siku tatu. Siku ya nne akaiandikia bodi kuomba kikao kirudiwe Januari, majirani wakiwepo.

Nilimfuata kwenye gereji ya greda nikamwambia nitasimama mbele ya watu niseme ni mimi niliyesogeza tarehe. Alikuwa anafuta matope kwenye gurudumu lake. Akasema, “Darlene, wewe una watoto wawili shuleni na kazi ya miezi minane. Lamar atakufukuza kabla hujakaa. Mimi ngozi yangu ni ya zamani. Kaa kimya, mwanangu, na siku nyingine utazame dirishani kabla ya kutazama kalenda.”

Nikakaa kimya. Nimeomba toba kwa Mungu mara nyingi kwa hilo, lakini Mungu si mkazi wa barabara ya Deep Creek.

Januari ukumbi wa zimamoto ulijaa, watu wakasimama mpaka kwenye magari ya zimamoto. Bi Eunice alisimama akasema, “Tarehe ile ilitoka kwenye ofisi yangu. Kosa ni langu.” Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao, na kwa mkono wangu nikaandika kwamba ofisa amekiri kosa lake.

Royce alisimama upande wa pili, uso umekuwa mwekundu. “Bi Haldeman,” akasema, “ulinipa kwa mkono wa kulia mbele ya mashahidi, ukaninyang’anya kwa wa kushoto. Mtu anayeiba hadharani namheshimu zaidi.” Hakuna aliyecheka.

Kikao chenyewe kilikwenda vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Carla aliuliza maswali yake yote. Wakakubaliana mlango wa wateja uhamie upande wa barabara, bunduki zikae ndani ya kabati la chuma, zisijaribiwe kwa risasi hapo nyumbani, na wateja wasije kabla ya watoto kuondoka jioni. Carla akasema kwa hayo hana neno, na kibali kikapita bila mtu kupinga. Tangu siku ile hakuna lalamiko hata moja lililoletwa juu ya karakana ile. Watoto wa Carla wa wakati huo sasa wanampelekea Royce bunduki zao wenyewe.

Lakini maombi ya Royce serikali kuu yalikuwa yamerudishwa kwa kukosa barua, akaanza upya, na leseni ikaja Agosti. Majira ya baridi yote yalipita bila kazi. Machi aliuza bunduki aliyorithi kwa baba yake, na aliyeinunua akahamia mbali. Hilo ndilo ambalo hakumsamehe Bi Eunice. Kila akija kaunta hutaka kuhudumiwa na mimi. Humpita Bi Eunice kama nguzo. Na kila Desemba huniletea soseji ya kulungu, kwa wema wangu, anasema. Miaka kumi na miwili nimekula soseji ile, na Bi Eunice anatazama karatasi zake.

Nimemwandikia mwenyekiti wa sasa nikiomba kumbukumbu za Januari 2013 zisahihishwe katika kikao cha mwezi huu, jina langu liwekwe panapostahili. Bi Eunice hajui. Hulisoma kila jarida kabla halijakwenda kupigwa chapa, isipokuwa hili, kwa kuwa linamhusu. Atakasirika, na atakuwa na haki.

Chakula cha kumuaga ni Jumapili tarehe 15 Desemba baada ya ibada, ukumbi wa zimamoto. Msimu wa kuwinda utakuwa umefungwa siku moja kabla, nimeuliza watu wanne. Kila mtu alete sahani.

Bi Eunice, asante kwa kila hatua uliyosukuma gurudumu lile kwenye matope yetu. Bwana akupe asubuhi ndefu zisizo na simu, magoti yasiyouma, na majirani wa kukusikiliza kama ulivyowasikiliza wa wenzako.

Nawe Royce, ndugu yangu, barua yako ilikaa mezani kwa sababu yangu, na aliyekuambia kosa ni lake alikuwa ananificha. Huna lazima ya kuja Jumapili. Ila Bi Eunice yuko mezani kwake hadi tarehe 31, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Kama una neno kwangu, hata likiwa kali, niandikie au nipigie. Tafadhali nijibu mapema.

Wenu katika Kristo,
Darlene Klinger
Katibu wa kata