Mwalimu Thuo na Mchezo wa Marika

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo nina uchungu, na sitauficha. Tumempoteza Mwalimu Micah Thuo wa Kuresoi, aliyefundisha watoto historia kwa mchezo. Wengi wenu hamkumjua, na hilo ndilo linaloniuma.

Turudi mwaka wa 1952. Mwalimu Thuo anafundisha shule ya shamba, kwa mzungu mmoja kule juu ya Molo. Kitabu cha historia ni kimoja tu, kimejaa wafalme wa Uingereza. Watoto wanawakariri huku wakisinzia. Basi Mwalimu anapasua gunia la viazi, analitandaza sakafuni, anachora njia ya vyumba kwa makaa. Kila chumba ni rika. Rika la njaa, rika la nzige, rika la reli. Maana kwa Wakikuyu, vijana wakitahiriwa, rika lao hupewa jina la jambo lililotokea wakati huo. Mtoto ana haragwe lake, lakini halisogezi mpaka alete jibu la babu yake: wakati ule kulitokea nini?

Mama Cheptanui alisoma pale. Anasema: "Sisi Wakipsigis marika yetu ni tofauti, so Mwalimu akatuchorea njia yetu kando. Babu yangu alishangaa. Alikuwa hajawahi kuulizwa kitu na mtoto wa shule."

Na mababu walijibu. Wakikuyu waliotoka Kiambu walisema ardhi yao ilizungushiwa ua na wazungu kule. Wale wa Kipsigis walisema ua uliwekwa hapa hapa.

Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, askari wakaingia darasani. Afisa akaliona gunia. Akamuuliza mkalimani, hii ni nini? Sasa nisikilizeni vizuri. Mkalimani huyo alikuwa wa rika moja na Mwalimu Thuo. Walitahiriwa asubuhi moja, kando ya mto mmoja. Mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu. Alikijua kila chumba pale. Lakini aliogopa kushukiwa, akajibu: "Ni ngazi za kiapo cha waasi, bwana."

Mwoga mkubwa! Mwalimu akapelekwa kizuizini. Gunia halikuchomwa. Afisa alilikunja, akaondoka nalo.

Mwalimu alirudi mwaka wa 1959, mguu mmoja hauna nguvu. Binti yake Wamaitha, wa darasa la tatu, akamletea mchezo mpya wa shuleni. Karatasi ngumu, rangi nzuri. Njia ilikuwa ile ile ya gunia. Ila kumuuliza babu kumeondolewa, sasa unarusha dadu. Chumba cha kwanza kimeandikwa: Nchi tupu. Cha mwisho: Mzungu analima.

Wamaitha aliniambia juzi: "Nilimwambia baba tucheze. Alicheza. Nikafika mwisho, nikaruka juu. 'Baba, nimekushinda!' Akasema, 'Ndio, Wamaitha. Umenishinda.' Akatoka nje. Mimi siku hiyo nilikuwa na furaha sana. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima."

Mwalimu Thuo hakufundisha tena. Wala hakuchora tena.

Wamaitha, pole sana. Poleni nyote wa familia hiyo. Mungu amlaze pema mzee wetu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama una mzee nyumbani, zima redio hii umuulize. Asipoulizwa akiwa hai, atazikwa na historia yake. Halafu watakuja wengine kuwaambia watoto wako kwamba hapa hapakuwa na mtu.