Jicho Moja na Mjukuu Kifuani

Sifa na utukufu kwa Bwana, ndugu zangu! Mkiona machozi, ni ya furaha.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Upendo, nauza vyombo Mtaa wa Msimbazi: glasi, sahani, chupa za chai. Presha ya macho ilinichukua jicho la kulia. Daktari alihangaika, la kushoto likapona, lakini akaniambia wazi kwamba la kulia halitarudi. Nikasema si kitu, moja linatosha.

Ndugu zangu, sikujua! Ukibaki na jicho moja, glasi unaiona vizuri kabisa, ila hujui iko mbali kiasi gani. Nanyoosha mkono, nashika hewa. Nanyoosha tena, naigonga, inaanguka. Chai nilimimina mezani mbele ya wageni!

Hayo niliyavumilia. Kisha binti yangu Upendo akajifungua mtoto wa kiume, akaja kukaa nyumbani kwangu, mtaa wa Gerezani. Siku moja mtoto akalia, nikainama nimnyanyue kitandani. Mkono uliotakiwa kushika shingo ukapita pembeni. Kichwa kikaning'inia! Upendo akamdaka. Hakunilaumu, lakini sikumgusa tena yule mtoto. Akilia, natoka nje. Nikamlilia Mungu: Bwana, nirudishie jicho langu!

Sasa, jirani na duka langu yuko Bi Mwanahawa, mama wa Kizaramo. Ni kipofu wa macho yote mawili, na anakaanga vitumbua. Mafuta yanachemka, yeye anageuza kimoja kimoja, na hakiungui hata kimoja! Wateja husimama tu kumwangalia.

Asubuhi moja akasikia glasi imevunjika dukani kwangu.

"Mama Upendo, umeichukua umesimama?"

"Ndiyo, Bi."

"Kwa kujinyoosha?"

"Ndiyo."

"Unautuma mkono peke yake, mwenyewe umebaki nyuma. Njoo ukae."

Akanikalisha kwenye kigoda chake. Akanifundisha kusogeza mwili kwanza, kifua kielekee kile ninachokitaka, kiwiko kisiachane na ubavu, vidole vitambae juu ya meza mpaka viguse, ndipo nishike. "Na uso ugeuze kulia kidogo," akasema, "hilo jicho lililobaki lipate nafasi." Basi kila asubuhi kabla ya wateja, mimi Mlutheri na yeye Muislamu, mikono yetu juu ya vikombe! Nikikosa anacheka: "Rudia, mwanangu."

Ikafika Jumamosi moja, Upendo yuko bafuni, mtoto akalia. Sikutoka nje. Nikapiga magoti, kifua kikagusa godoro. Nikatambaza mkono shukani hadi shingoni mwake, mwingine chini ya makalio, nikamvuta kifuani, ndipo nikasimama. Upendo alitoka na povu usoni, akatukuta tunazunguka chumbani, naimba! Akakaa chini, akalia.

Ndugu zangu, niliomba jicho, Bwana akanipa jirani. Wewe uliyeomba ukaona kimya, mtumaini! Msaada wake unaweza kuwa unakaanga vitumbua hapo mlangoni kwako. Na mjukuu ndiye huyu, nimembeba mwenyewe tangu getini. Semeni amina!