Madirisha ya Vidosava

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Vidosava Cakić wa hapa hapa mjini kwetu Leskovac. Vidosava amefariki. Narudia, maana hata mimi bado halijaniingia akilini. Vidosava amefariki, na arobaini yake ilikuwa jana.

Alikuwa msimamizi wa ofisi ya bima, ile inayotazamana na soko. Alijipa kazi ambayo hakutumwa na mtu: ofisi yao ipunguze kuchafua dunia. Alianza na karatasi, zikawa zinachapwa pande zote mbili. Akaondoa vikombe vya plastiki, kila mtu akaleta kikombe chake cha kahawa kutoka nyumbani. Hayo walimkubalia. Kisha akafika kwenye viyoyozi.

Kiangazi viyoyozi vinanguruma kutwa. Umeme wake unatoka kwenye makaa ya mawe, na moshi wake tunauvuta sisi. Vidosava akasema wafungue madirisha ya mbele na ya nyuma, hewa ipite, mashine zipumzike.

Hewa ipite! Si mnatujua? Kwetu mtu haogopi radi kama anavyoogopa upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Upepo huo unakaza shingo. Unapindisha mdomo. Unaua.

Miodrag, mhasibu wao, alikuja kazini mwezi wa saba, joto likiwa kali, na skafu shingoni.

"Dada Vida, unataka kutuzika?"

"Kaka Miodrag, rakija, ile pombe kali unayoinywa asubuhi, imeshindwa kukuua, upepo ndio utakuweza?"

Wakacheka. Wakazoea.

Halafu Vidosava akaanguka mezani pake, madirisha yakiwa wazi. Daktari alisema ni moyo. Moyo, wasikilizaji, ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Lakini makaburini mama yake, Bibi Krunija, alisema mbele ya watu, "Nilimwambia. Upepo umenilia mwanangu." Hakutoa chozi.

Kesho yake madirisha yalifungwa. Viyoyozi vikawashwa. Hakuna aliyeamuru. Kazi ya Vidosava ilikuwa inazikwa naye, kila mtu akaliona hilo, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Jana Bibi Krunija akafika ofisini na bakuli la ngano ya arobaini, iliyochemshwa na kutiwa sukari, na chupa ya rakija. Kila mmoja akachota kijiko. Miodrag akamwaga tone la rakija sakafuni kwa ajili ya marehemu.

"Nini hicho kinanguruma?" bibi akauliza.

"Viyoyozi, mama," Miodrag akajibu. "Tumefunga madirisha. Kwa heshima yako."

"Mwanangu aliyataka yamefungwa?"

"Hapana, mama. Aliyataka wazi."

Bibi akaweka bakuli chini.

"Upepo ndio uliomuua. Msinibishie, daktari wenu namjua tangu anajikojolea." Akakaza kitambaa chake cheusi, akabeba kiti. "Fungueni. Mimi nitakaa huko nje, kwenye ngazi."

Miodrag akazima mashine. Akafungua dirisha la mbele. Akasimama. Akaenda akafungua la nyuma. Karatasi zikaruka mezani, watu wakaziangalia tu zinavyoanguka. Huko nje bibi aliupa mlango mgongo, akakaa mpaka saa ya kufunga ofisi.

Bibi Krunija, pole. Na ninyi mliofanya naye kazi, poleni. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Wewe unayenisikiliza, una marehemu wako. Kuna jambo alilitaka, na wewe hukulipenda. Nani analifanya sasa?